Saburi Katika Siku za Mwisho

Mwanadamu ni mwepesi wa kutaka kujua mwisho. Hutaka kujua mwisho wa safari kabla hajafunga mzigo, mwisho wa kesi kabla mashahidi hawajasikilizwa, na mwisho wa ngano kabla mtambaji hajafika katikati. Si ajabu, basi, kwamba mafundisho ya Kikristo juu ya siku za mwisho huvuta masikio ya watu kuliko mafundisho mengine mengi ya dini hiyo. Mhubiri akizungumza habari za kumtendea jirani haki, wasikilizaji wengine husinzia. Akitaja mnyama mwenye pembe kumi na kutikisika kwa nguvu za mbinguni, wote hukaa wima.

Sisi walimu wa lugha si wanatheolojia, wala hatukusudii kuingilia kazi ya mapadri, wachungaji na masheikh. Hata hivyo, jambo hili hutufuata mpaka madarasani. Mwanafunzi hupewa insha ya kuandika juu ya maisha yake ya baadaye, naye akajibu kwamba hakuna haja ya kupanga lolote, kwani dunia imefika ukingoni. Mzazi huulizwa kwa nini mwanawe hafiki shuleni, naye akasema kwamba zama hizi si za vitabu tena, ni za maombi. Hatuwezi kuyapuuza maneno hayo kana kwamba ni uvivu tu. Yanatoka katika imani, na imani huweza kumfanya mtu auze shamba lake, aache kazi yake, hata autoe uhai wa watoto wake. Hapa Uganda tumeyaona hayo kwa macho.

Swali letu, kwa hiyo, ni la maadili zaidi kuliko la elimu ya dini. Mtu anayeamini kwa moyo wake wote kwamba ulimwengu huu utakwisha, na kwamba kabla ya hapo itakuwako dhiki kuu, yampasa aishi vipi leo na watu walio karibu naye? Kwa maneno mafupi: kuvumilia hata mwisho ni kufanya nini?

Tuanze na maneno, maana hayo ndiyo zana za kazi yetu. Neno dhiki tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni wembamba au ufinyu, hali ya mahali ambapo mtu hawezi hata kugeuka. Neno la Kigiriki lililotumika katika Agano Jipya kwa maana hiyo hiyo lahusu kukandamizwa na kusongwa. Neno faraja nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni kufunguka au kuachana kwa vitu vilivyobanana. Basi wahenga wetu waliposema kwamba baada ya dhiki faraja, hawakuahidi tu kwamba atakayelia atafutwa machozi. Walisema kwamba mahali palipobana patafunguka. Yafaa tuone pia walichoacha kusema: hawakusema ni lini.

Neno la pili ni saburi, ndugu yake subira. Katika maandiko ya Kigiriki neno lililofasiriwa kwa saburi limeundwa kwa sehemu mbili: chini ya, na kukaa. Mwenye saburi ni yule akaaye chini ya mzigo, asiyeutupa wala kuukimbia. Yafaa tutofautishe hapo saburi na kungoja. Abiria aliyekaa kituoni hungoja basi. Mama aliyembeba mtoto mgonjwa mgongoni akapanda naye mlima mpaka zahanati, huyo ana saburi. Wa kwanza hana kazi ila kutazama njia. Wa pili ana mtu mgongoni.

Neno la tatu ni kiama. Sisi hulitumia kwa maana ya maangamizi, na mvua ikibomoa nyumba husema kwamba ilikuwa kiama. Lakini asili yake katika Kiarabu ni kusimama, yaani siku ambayo wafu watasimama. Hali kadhalika kitabu cha mwisho cha Biblia kiliitwa na watafsiri wetu Ufunuo, na waliona sawa, kwani jina lake la Kigiriki maana yake ni kufunua kilichofunikwa. Huko Ulaya jina hilo hilo limegeuka likawa na maana ya msiba mkubwa. Kwa hiyo maneno haya mawili, kiama na ufunuo, ambayo kwanza yalihusu kuinuka na kuonekana kwa ukweli, yamefunikwa na hofu. Jambo hilo latupa fununu ya namna mafundisho yenyewe yalivyopotoshwa.

Sasa tutazame mafundisho hayo kwa ufupi. Karibu Wakristo wote hukiri kwamba Kristo atakuja tena, na kwamba kutakuwako hukumu ya haki. Zaidi ya hapo hutofautiana. Wako wanaofundisha kwamba waumini watanyakuliwa juu kabla ya dhiki kuu. Wako wasemao kwamba watanyakuliwa katikati yake. Na wako wanaoshika kwamba Kanisa litapita katika dhiki lote zima, kama vile watu wote wanavyopita. Fundisho la unyakuo unaotangulia dhiki lilienezwa sana katika karne ya 19 na mhubiri John Nelson Darby, kisha likasambazwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyochapishwa mwaka 1909. Kanisa Katoliki na Waorthodoksi hawalifundishi, wala Waanglikana na Walutheri kwa kawaida. Hatutaamua hapa ni nani aliye na haki. Lakini yatupasa kuangalia kila fundisho linamwelekeza mtu atazame wapi. Ukiamini kwamba utaondolewa kabla ya mateso kuanza, ni rahisi kuyaona mateso ya wengine kama saa ya ukutani inayokuonyesha muda uliobaki. Njaa ya jirani yako hugeuka ishara. Na ishara husomwa tu, hailishwi.

Maandiko yenyewe hayakuandikwa kwa ajili ya watu waliotaka kukokotoa hesabu. Kitabu cha Ufunuo kilipelekwa kwa makanisa saba ya Asia Ndogo, nchi ambayo leo ni Uturuki, na mwandishi wake alikuwa katika kisiwa cha Patmo kwa sababu ya imani yake. Wasomaji wake walikuwa chini ya dola ya Kirumi, dola ambayo mwaka 70 ilikuwa imeuteketeza mji wa Yerusalemu pamoja na hekalu lake. Waumini wa Smirna, mji uitwao leo Izmir, walikuwa maskini, nao walionywa kwamba baadhi yao watatiwa gerezani. Hawakuonyeshwa njia ya kutorokea. Waliambiwa wawe waaminifu. Katika Injili nako, Yesu alipoulizwa na wanafunzi wake juu ya mlima wa Mizeituni habari za mwisho, aliyataja mambo ya vita, njaa na matetemeko, akayafananisha na mwanzo wa utungu wa mama anayejifungua. Kisha akakataa katakata kutaja siku wala saa, akisema kwamba hata yeye Mwana haijui.

Kukataa huko ndiko kiini cha hoja yetu. Watu wengi hudhani kwamba siku ya mwisho ilifichwa ili tuwe na hofu wakati wote. Sisi twaona kwamba ilifichwa ili saburi iwezekane. Mtu aliyepewa tarehe hahitaji saburi, anahitaji kalenda. Mfungwa ajuaye siku ya kutoka huhesabu siku zake ukutani, na wala hana sababu ya kuotesha mboga katika ua wa gereza kama hatakuwapo zikikomaa. Asiyejua siku ndiye anayelazimika kuuliza: mzigo huu nitaubebaje leo, na ni nani mwenzangu katika kuubeba? Kwa hiyo kila anayetaja tarehe, hata kama ana nia njema, anawanyang'anya watu kile kile ambacho Injili iliwataka wawe nacho.

Historia imelithibitisha jambo hilo mara nyingi. Huko Marekani wafuasi wa mhubiri William Miller waliingoja tarehe 22 Oktoba 1844, na baadhi yao waliacha mazao shambani bila kuvunwa. Kukacha kama kawaida. Kusini mwetu, katika nchi ya Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Elliot Kamwana alibatiza maelfu ya watu katika miaka ya 1908 na 1909, akitangaza kwamba mwaka 1914 utawala wa wageni ungekoma pamoja na kodi zake. Wakoloni walimwondoa nchini mwake; na mwaka 1914 ulipofika, kilichokuja kilikuwa ni vita, ambavyo vilichukua Waafrika wengi kuwa wapagazi na askari.

Lakini msiba ulio karibu nasi zaidi ni ule wa Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu, lililoongozwa na Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na wengineo, liliwafundisha wafuasi wake kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Januari ikaingia kama Januari nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 jengo lao la ibada liliteketea kwa moto na mamia ya watu ndani yake, watoto wakiwamo. Katika siku zilizofuata maiti nyingine nyingi zilifukuliwa katika nyumba kadhaa zilizokuwa za kundi hilo. Viongozi wake hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Miaka 23 baadaye, mwaka 2023, majirani zetu wa Kenya walifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Watoto walikuwa wengi miongoni mwao.

Ni vyepesi kusema kwamba watu hao walikuwa wajinga. La hasha. Miongoni mwa viongozi wa Kanungu alikuwamo padri msomi, na Kibwetere mwenyewe aliwahi kuwa mtu wa heshima katika jamii yake. Wafuasi wengi walikuwa wakulima wenye bidii na Wakristo wa siku nyingi. Badala ya kuwacheka, tutazame mambo matatu waliyotakiwa kufanya, maana kila moja lilikuwa limevaa joho la utakatifu.

Kwanza, waliuza mali zao. Mashamba, ng'ombe na hata nguo viliuzwa, na fedha zikakabidhiwa kwa viongozi. Kumwambia mtu agawe mali yake kwa maskini ni fundisho la zamani la Injili. Lakini hapa maskini hawakuonekana katika hesabu. Mtu aliachishwa ardhi ambayo ingemrudisha nyumbani siku atakapotaka kurudi.

Pili, walinyamazishwa. Watu wa Kanungu walikatazwa kusema ovyo, na mara nyingi waliwasiliana kwa ishara za mikono. Sisi ambao kazi yetu ni lugha hatuwezi kulipita jambo hilo bila kutetemeka. Kimya cha mtawa anayetafakari ni kitu kimoja, naye amekichagua. Kimya cha watu ambao hawawezi kuulizana "Je, haya tunayoambiwa ni kweli?" ni kitu kingine. Penye swali pana mlango. Walipokatazwa kusema, milango ilikuwa imekwisha kufungwa kabla ya moto kuwashwa.

Tatu, walitenganishwa. Mume na mke waliacha kuishi kama mume na mke, na watoto walitengwa na wazazi. Jamaa waliobaki nje walihesabiwa kuwa watu wa ulimwengu unaoangamia. Hivyo mtu aliondolewa, mmoja baada ya mwingine, wale wote ambao mzigo wao ungemshika duniani. Hapo ndipo tunapoona kwamba kilichoitwa uvumilivu kilikuwa kinyume chake. Saburi ni kukaa chini ya mzigo. Wao walifundishwa kuutua mzigo, yaani watoto, shamba na jirani, halafu wakaambiwa kwamba sasa wako huru kuondoka.

Linganisha na habari ya nabii Yeremia, ambayo wengi wetu tumeisoma lakini pengine hatukuipa uzito wake. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Babeli. Yeremia mwenyewe alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi kwa kosa la kusema kwamba mji utaanguka. Alikuwa na hakika ya mwisho kuliko mtu yeyote mjini. Katika hali hiyo mwana wa ami yake akamjia na shauri la kununua shamba la ukoo huko Anathothi, mahali ambapo wakati ule hapakuwa na faida yoyote kwa mnunuzi. Yeremia akalinunua. Akapima fedha, shekeli 17, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaamuru hati hizo zitiwe katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Mji ukaanguka kweli, yapata mwaka 587 kabla ya Kristo. Nabii hakukosea juu ya dhiki. Lakini aliamini pia kwamba watu watarudi, nao watahitaji mashamba, na mashamba yatahitaji hati. Kanungu waliuza mashamba kwa sababu ya mwisho. Yeremia alinunua shamba mwisho ukiwa langoni. Wote waliamini kwamba ulimwengu waliouzoea unakwisha. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliendelea kuwa na deni kwa watu watakaokuja baada yake.

Jambo hilo halikuwa geni hata kwa Wakristo wa kwanza. Huko Thesalonike baadhi ya waumini waliacha kazi, na katika waraka ulioandikwa kwa jina la mtume Paulo waliambiwa waziwazi kwamba asiyetaka kufanya kazi asitegemee chakula cha wenziwe. Ndugu zetu Waislamu nao wana hadithi mashuhuri ya Mtume ambayo kwayo mtu mwenye mche mkononi anahimizwa aupande, hata kama Kiama kimesimama. Mafundisho haya mawili yametoka katika dini mbili, lakini mkulima yeyote anayaelewa.

Hapa msomaji anaweza kutuuliza: ikiwa matokeo ya imani hii ni hatari kiasi hicho, je, si afadhali watu waiache kabisa? Twajibu kwamba sivyo, na sababu yetu si ya kidini tu. Aghalabu matumaini ya mwisho wa dunia huota mahali ambapo dunia yenyewe imekuwa haiishiki. Wafuasi wa Kamwana walikuwa wakitozwa kodi ya vibanda katika nchi yao wenyewe. Kumwambia mtu kama huyo kwamba ulimwengu hauna mwisho ni kumwambia kwamba mtoza kodi hana mwisho. Wakristo wa Smirna walijua kwamba Roma inajiita ya milele. Kwao habari ya kwamba milele si ya Roma ilikuwa habari njema. Mwenye enzi yeyote huchukia kusikia kwamba atahukumiwa. Basi mwenye kuwanyang'anya wanyonge matumaini ya hukumu ya haki, hata akifanya hivyo kwa jina la akili na maendeleo, anawasaidia wakubwa wao kulala usingizi.

Tazama Simon Kimbangu wa Kongo. Mahubiri yake huko Nkamba hayakuchukua ila miezi michache, kuanzia Aprili mwaka 1921. Mnamo Septemba alikamatwa na Wabelgiji, na mwezi uliofuata akahukumiwa kufa, hukumu ambayo baadaye ilibadilishwa ikawa kifungo cha maisha. Alipelekwa mbali na watu wake, katika gereza la Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi na ambao watu wake husema Kiswahili. Huko alikaa miaka 30, na huko akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Hakuinua silaha. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa nchini, nao walipotawanywa walieneza imani ile ile iliyokusudiwa kuzimwa. Mwaka 1959 serikali hiyo hiyo ya kikoloni ikalitambua kanisa lao. Miaka 30 ni muda ambao hakuna kalenda ya ukutani inayouchukua. Hapo hapana hesabu. Pana saburi tu.

Lakini iko hatari nyingine, iliyo kinyume na ile ya Kanungu, nayo haina moto wala maiti, ndiyo maana haiandikwi magazetini. Hatari hiyo ni kuifanya saburi kuwa kizibo cha mdomo. Mfanyakazi asiyelipwa huambiwa avumilie. Mke apigwaye huambiwa na wazee wa kanisa kwamba huo ndio msalaba wake na taji liko mbinguni. Mwananchi aliyenyang'anywa haki yake huambiwa kwamba hizi ni siku za mwisho, na dhuluma imetabiriwa, basi ya nini kulalamika? Hapo mafundisho ya dhiki hugeuka kinga ya mwenye kudhiki. Mvumilivu hula mbivu, tumezoea kusema; lakini tusisahau kuuliza ni nani anayezichuma mbivu hizo wakati mvumilivu anavumilia.

Lugha yetu inalo neno la kutusaidia hapa. Shahidi katika Kiswahili ni yule atoaye ushahidi mahakamani, na pia ni yule auawaye kwa ajili ya imani yake. Ndivyo lilivyo neno la Kigiriki nalo. Kwa asili, basi, afaye kwa imani hafi kwa sababu kifo ni kizuri. Hufa kwa sababu alikuwa na neno la kusema, na mwenye nguvu hakutaka lisemwe. Karoli Lwanga, mkubwa wa vijana wahudumu katika jumba la Kabaka Mwanga, aliwakinga wadogo waliokuwa chini yake wasitumiwe vibaya, na tarehe 3 Juni 1886 akachomwa moto Namugongo. Askofu Mkuu Janani Luwum hakungoja kimya unyakuo umwondoe katika nchi ya Idi Amin. Mwezi Februari mwaka 1977 yeye na maaskofu wenzake waliandika barua ya kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huo huo akauawa. Yeyote asemaye kwamba kuvumilia ni kunyamaza, na akawatazame mashahidi hao. Kule Kanungu watu walinyamazishwa ndipo wakafa. Hawa walisema, na kwa kusema kwao wakauawa.

Tumebakiwa na jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Wengi huizungumzia dhiki kuu kama kitu kilicho mbele, kisichopata kuonekana bado. Lakini je, yuko mtu awezaye kusimama mbele ya kanisa la Ntarama, nchini Rwanda, ambamo watu waliokimbilia usalama waliuawa mwezi Aprili 1994, akamwambia mnusurika kwamba dhiki haijaja? Kwa wale waliokuwa ndani, jua lilikuwa limekwisha kutiwa giza. Dhiki huja kwa watu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali, na mara nyingi wakati wengine bado wanakula na kunywa umbali wa kilomita chache. Anayeingoja kama tukio la siku moja, litakaloanza kwa tarumbeta, anaweza kuipita njiani bila kuitambua.

Katika mwezi huo huo, mjini Gisenyi, alikuwako Felicitas Niyitegeka, mwanamke wa utumishi wa dini aliyewahifadhi watu waliotafutwa wauawe. Yeye mwenyewe, kwa kabila lililoandikwa katika kitambulisho chake, hakuwa miongoni mwa waliotafutwa. Ndugu yake alikuwa afisa wa jeshi, naye alimpelekea habari aondoke. Angeweza kwenda, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Alijibu kwamba hatawaacha watu wake, akabaki, akauawa pamoja nao. Leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wa taifa. Hatujui aliamini nini juu ya mpangilio wa siku za mwisho, kama unyakuo hutangulia dhiki au huifuata. Twajua alichofanya mlango ulipofunguliwa kwa ajili yake peke yake. Hicho ndicho neno la kale la Kigiriki lilichokusudia: kukaa chini ya mzigo.

Kwa hiyo twapendekeza kipimo ambacho mwalimu, mzazi au mwanafunzi anaweza kukitumia, awe Mkristo au asiwe. Likija fundisho lolote juu ya mwisho wa dunia, tusiulize kwanza kama ishara zake zinalingana na habari za redioni. Tuulize linamfanya nini msikilizaji kwa watu alio na wajibu nao. Likimfunga zaidi kwa mtoto wake, kwa mgonjwa wake, kwa jirani aliyeonewa na kwa kizazi ambacho hatakiona, basi lisikilizwe kwa heshima, hata kama hatukubaliani na kila neno. Likimfungua kutoka kwa hao wote na kumwacha peke yake na kiongozi mmoja, basi tulikatae, hata likiwa limejaa aya za Maandiko kutoka mwanzo hadi mwisho. Na likimtaka anyamaze, tulikatae mara mbili.

Darasani nako tuna la kufanya. Mwanafunzi aandikaye kwamba hakuna haja ya kupanga maisha asirudishiwe insha yake ikiwa na alama nyekundu tu. Aulizwe ni nani atakayemtunza bibi yake katika muda uliobaki, uwe ni wiki au ni miaka 60. Afundishwe kusoma Ufunuo kama kitabu, chenye mwandishi, wasomaji na mafumbo yake, kama anavyofundishwa kusoma utenzi. Ajue kwamba fumbo si hesabu, na kwamba aliyezoea kusoma mafumbo hadanganywi upesi na mwenye kuyageuza kuwa tarehe. Zaidi ya yote azoezwe kuuliza, na asiadhibiwe kwa kuuliza, kwa sababu siku moja huenda akasimama mbele ya mtu atakayemwambia auze kila kitu na anyamaze.

Baada ya dhiki faraja. Wahenga hawakututajia siku, nasi tusiwadai. Mahali palipobana patafunguka kwa wakati wake. Kwa sasa msimu wa mvua unakaribia, shule zitafunguliwa, na hati za mashamba zataka kutunzwa mahali pakavu.